Kipande cha Kuka

Mzee Jackton Oloo hakuwa mtu wa kulaumiwa hivi hivi kwa mambo ya chakula cha mtoto. Hilo tuliweke wazi mapema, maana kuna majirani pale mtaani Mountain View, Nairobi, ambao baadaye walinong'ona kwenye ngazi kwamba wazee wa mashambani hawaambiliki. Upuzi mtupu. Mzee aliambiwa, na aliambilika kuliko wao. Aliambiwa mjukuu wake Sammy asipewe ugali, wala mkate, wala chapati, wala wali, wala sukari hata ile ya kulambishwa kidoleni, na tangu siku hiyo akalinda mdomo wa mtoto kama askari wa lango. Mama mmoja kanisani alipomtolea Sammy peremende baada ya ibada, Mzee aliipokonya mbele ya waumini wote, akaitia mfukoni mwake. Mama yule hakumsalimia tena. Taabu ilikuwa kwamba Mzee aliambiwa nusu ya habari, na ile nusu nyingine hakuna aliyedhani inahitaji kusemwa.

Sammy alikuwa na miaka sita, na kifafa chake kilikuwa kikaidi. Kilipewa dawa hii, kikatulia wiki mbili kikarudi. Kikapewa ile, kikarudi na hasira zaidi. Madaktari walipoishiwa na dawa za kujaribu wakageukia chakula. Mtoto awe anakula mafuta mengi na vyakula vya wanga kidogo sana, tena kila kitu kipimwe, mpaka mwili ujifunze kutumia mafuta badala ya sukari. Kwa nini ubongo hutulia mwili ukifanya hivyo, hata wao hawakuwa na jibu moja, ila kwa watoto wengine hutulia.

Kwa Sammy ulitulia. Mama yake, Everlyn, aliyekuwa karani katika ofisi moja Westlands, alikuwa akiamka kabla ya jogoo wa mtaa jirani wa Kangemi na kusimama mbele ya mzani mdogo wa jikoni. Yai lililopigwa na krimu likakaangwa kwa siagi. Kijipande cha avokado. Sukuma wiki ya kutosha kujaza kiganja cha mtoto, basi. Na mwisho wa kila mlo, kipande kimoja cheupe alichokitengeneza kwa mafuta ya nazi na krimu, na tone la vanila kwa ajili ya harufu, akakigandisha katika trei ya barafu ndani ya friji. Hicho ndicho kilichokuwa peremende ya Sammy, na hakuwa na nyingine duniani. Kila asubuhi Everlyn alichovya kijikaratasi cha kupimia katika mkojo wa mtoto, na kikigeuka rangi ya zambarau iliyokolea, alijua mwili unafanya kazi yake. Miezi ikapita mtoto hajaanguka. Mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu akasema Januari anaweza kuanza darasa la kwanza, na Everlyn akanunua sare mapema, akaitundika mahali ambapo angeiona kila akipita.

Wakati huo Mzee alikuwa kwao Butere, akimuuguza mkewe Rael. Rael alipofariki na matanga yakaisha, Nashon, mtoto wao wa mwisho na baba yake Sammy, alikataa katakata kumwacha baba yake peke yake kwenye boma lililonyamaza. Akamleta Nairobi. Katika gari hilo hilo akaja Nanjala, msichana wa jirani wa kule nyumbani, aje kusaidia kazi za nyumba kwa sababu yule wa kwanza alikuwa ameolewa.

Mzee hakuwa mgeni upande huo wa mji. Miaka yake ya nguvu yote aliimalizia Kangemi, ng'ambo tu ya barabara, akishona makochi chini ya mabati yaliyovuja. Kutoka roshani ya Nashon angeweza kuyaona mapaa yale, na jioni alisimama pale akijaribu kukisia ni paa gani lililokuwa lake. Ploti ile ilikuwa imeshabomolewa ikajengwa ghorofa, lakini macho yake yaliitafuta vile vile. Alikuwa akimtafuta Rael, hasa. Alikuwa akiutafuta ule wakati ambapo Rael alikuwa ndani ya chumba kimoja na watoto watano, na moshi wa jiko, na sinia moja la alumini lililobonyea ubavuni.

Sinia lile, jamani. Rael aliweka ugali katikati, mboga pembeni, nyama kidogo ikipatikana, na watoto wakaketi kulizunguka magoti yakigusana. Kwa kina Oloo kulikuwa na sheria moja ya kula, kongwe kuliko Nairobi yenyewe: mtoto mwenye adabu hali chakula akakimaliza. Anabakisha, tena habakishi makombo. Anabakisha kile kitamu, anamwekea mkubwa. Mzee mwenyewe alipokuwa mdogo alimwekea babu yake kule Butere, na babu alikuwa akila mbele yake polepole, kisha akimwekea mkono kichwani. Kizuri kula na mwenzio, husemwa, lakini kwao hilo halikuwa la kusema tu. Basi Mzee aliporudi chumbani Kangemi usiku umeingia, nywele zimejaa vumbi la sponji, alikuta kila mtoto ameweka kitu. Nashon, mdogo wao, aliweka chake ndani ya ngumi, kipande cha nyama kilichopata joto la mkono mpaka kikabadilika rangi. Mzee alikila. Amekula katika harusi za matajiri tangu wakati huo, na hajapata nyama ya kuifikia ile.

Sasa Mountain View palikuwa na meza kubwa, viti sita, na kila mtu na saa yake ya kula. Nashon kazi ilimpeleka Kisumu na Eldoret, akawa nyumbani kwa nadra. Everlyn hakukaa meza moja na baba mkwe wake. Hakuna aliyemlazimisha, ndivyo alivyolelewa kwao, na ndivyo Mzee alivyozoea. Mke wa mwanao anakupikia, anakusalimu macho chini, anakuita Baba, nawe unamwita kwa jina la mtoto wake. Hamgusani mikono wala hamtazamani mkitafuna. Ujumbe wowote mzito hupitia kwa Nashon. Na hata zile sheria za chakula cha Sammy, Everlyn alimwambia Nashon, Nashon akamwambia baba yake kwa simu akiwa njiani, ile hotuba ya kukataza: hiki asipewe, kile asipewe.

Kwa hiyo mezani wakabaki wawili, Mzee na Sammy. Mzee, kwa kumheshimu mtoto, aliacha kula ugali mbele yake. Alikunywa chai yake ya rangi mtoto akila, na saa zake nyingine akavuka barabara kwenda Kangemi kutafuta ugali katika hoteli ya mama mmoja. Na kwa kuwa mtoto mpweke mezani hula kwa kusuasua, Mzee akawa anamsimulia. Alimsimulia sinia lililobonyea. Alimsimulia habari za baba yake, Nashon, na ngumi yake ya nyama, na Sammy akacheka mpaka krimu ikamtoka puani kusikia kwamba baba, yule baba mwenye tai, aliwahi kufinyanga nyama mkononi.

Siku moja baada ya hadithi hiyo Sammy alimaliza yai lake, akamaliza avokado, akakichukua kile kipande cheupe kwa vidole viwili, akakishika juu ya meza kikiwa kinaanza kuyeyuka.

"Kuka, hii ni yako."

Kuka ndivyo wanavyomwita babu kule kwao, na Sammy alikuwa amelijua neno hilo kwa wiki chache tu. Mzee alikitazama kile kipande. Alifikiri, usidhani hakufikiri. Alizipitia sheria zote za simu moja baada ya nyingine, na zote zilikuwa za kumpa mtoto. Hakuna hata moja iliyosema habari za kupokea kutoka kwake. Basi akafungua mdomo, Sammy akakiweka ndani, nacho kikayeyuka juu ya ulimi, baridi na mafuta na harufu ya kitu cha watoto. Rael alikuwa amezikwa mwezi uliopita, na yeye alikuwa ameamini kwamba hakuna tena mtu duniani wa kumwekea kitu. Alimwekea mtoto mkono kichwani.

Ikawa ndiyo desturi yao, mchana na jioni. Sahani ilirudi jikoni safi, Nanjala akaiosha, na Everlyn akirudi kutoka kazini akauliza kama Sammy amemaliza, aliambiwa amemaliza. Hakuna aliyesema uongo. Samaki mkunje angali mbichi, Mzee alijiambia akijipongeza. Hata katika nyumba ya viti sita, adabu ya kina Oloo imepata pa kushika mizizi.

Kisha Sammy akaanguka.

Alikuwa amekaa sakafuni akivaa viatu. Kichwa kilidondoka kifuani mara moja kama mtu aliyesinzia, kikainuka, kikadondoka tena, halafu mwili wote ukakakamaa na kuanza kutetemeka. Everlyn alimlaza ubavu, akamwekea kanga chini ya kichwa, akatazama saa ya ukutani huku midomo yake ikienda bila sauti. Ilipopita, mtoto alilala usingizi mzito na kiatu kimoja mguuni. Siku chache baadaye ikarudi. Halafu ikawa inarudi kila wiki, na kijikaratasi cha asubuhi kikapauka kutoka zambarau mpaka waridi hafifu, kama nguo iliyofuliwa mno.

Everlyn alianza kutafuta sukari. Alisoma maandishi yote ya kwenye dawa ya meno, akabadilisha sabuni, akamuuliza mchungaji kuhusu ile juisi ya watoto wa Jumapili. Hakuona kitu. Na katika nyumba ile watu wapya walikuwa wawili tu, Nanjala na Mzee. Mmoja wao alikuwa baba mkwe. Hebu niambie, mke wa mtu ataanzia wapi kumuuliza baba mkwe wake amemlisha nini mtoto? Heri ameze jiwe. Ndipo macho yake yote yakamgeukia Nanjala. Akafungua mkoba wa yule msichana, akakuta pakiti ya biskuti iliyoliwa nusu.

Nanjala alisema kwa sauti ndogo kwamba hizo zilikuwa zake, za njaa ya saa kumi, na kwamba hajampea Sammy hata harufu yake. Hakuaminika. Aliambiwa mwisho wa mwezi arudi kwao. Mzee alikuwa sebuleni akisikia yote, na hapa sitamtetea, maana yeye naye aliamini. Alimwita msichana pembeni akamsomea mstari mmoja baada ya mwingine, kwamba mtoto wa watu si wa kuchezewa. Jioni hiyo hiyo akala kipande cheupe kutoka mkononi mwa Sammy.

Siku ya kliniki ikafika Nashon akiwa Eldoret, na Everlyn, ambaye hakuthubutu kwenda peke yake na mtoto anayeanguka, alimwomba Mzee awasindikize mjini. Mtaalamu wa lishe aliitwa Shiru, binti mchangamfu wa sauti ya upole, na siku hiyo sauti hiyo ilikuwa imepungua uchangamfu. Alitazama vipimo. Akasema kwamba damu na mkojo vinaonyesha mtoto hapati mafuta ya kutosha, na kwamba kama mambo hayatabadilika mpaka ziara ijayo, daktari ataiondoa ile lishe polepole, kwa kuwa hakuna maana ya kumtesa mtoto kwa chakula kisichomsaidia. Everlyn aliuliza wataenda wapi baada ya hapo. Dawa zote za kawaida zilishajaribiwa, akasema Shiru, watazungumza.

Kisha wakaanza kupitia mlo kitu kwa kitu, Shiru akiuliza, Everlyn akijibu. Mafuta ya kukaangia yanakwanguliwa yote kwenye sufuria? Yote. Krimu ni ile ile? Ni ile ile. Na vile vipande vya kugandisha, anavimaliza? Everlyn akasema sahani inarudi safi kila siku, na kwamba tatizo ameshalipata, ni msichana wa kazi, anaondoka Jumamosi.

Shiru akamgeukia Mzee, kwa kuwa aliambiwa ndiye anayekaa na mtoto mezani. "Mzee, watu wengi hudhani hii lishe ni ya kukataza tu," akasema. "Kukataza ni nusu. Mafuta ndiyo dawa yenyewe. Mtoto akila yai lote halafu aache kile kipande, ni kama amekunywa maji akaacha kidonge."

Mzee akamtupia Sammy jicho. Sammy, aliyekuwa akichezea vifungo vya kiti, aliinua macho akamtazama, akatabasamu kidogo, lile tabasamu la watu wawili wenye jambo lao, kisha akarudi kwenye mchezo wake. Mtoto wa watu alikuwa amefundishwa vizuri. Hasemi mambo ya mkubwa mbele ya wageni. Mzee alitaka kusema, na maneno yalikuwa hapo, lakini yangesemwaje? Kwamba mwanamume wa mvi, baba wa watoto watano, amekuwa akila dawa ya mgonjwa, mchana na jioni, na kulamba midomo? Mbele ya binti asiyemjua, mbele ya mke wa mwanawe? Walitoka pale akiwa amenyamaza.

Walipanda teksi. Everlyn aliketi mbele na dereva, kama ilivyopasa, Mzee na Sammy wakakaa nyuma. Mtoto alilala kwenye paja lake kabla hawajafika Museum Hill. Westlands magari yalikuwa yamesimama yote, wachuuzi wakipita katikati na chaja za simu na njugu, na Mzee akaanza kuwatazama watu wa nje akitafuta ujasiri ndani ya nyuso zao. Moyoni alimwona Nanjala akifunga mkoba wake. Aliiona ile sare ya shule ukutani. Alijiambia atamwambia Nashon, Nashon ndiye atakayemwambia mkewe, ndivyo inavyofanywa. Lakini Nashon angerudi Jumapili, na kabla ya Jumapili kulikuwa na milo mingi. Mbele yake kulikuwa na kisogo cha Everlyn, kitambaa chake cha kichwa kimelegea, na Mzee akashukuru kwamba hakuna uso wa kutazama.

"Mama Sammy," akasema. "Nanjala hana makosa. Vile vipande, mimi ndiye nimekuwa nikivila."

Everlyn hakugeuka. Alimwomba dereva azime redio, kisha akamwomba Mzee arudie. Mzee akarudia. Alieleza sinia, akaeleza babu yake, akaeleza ngumi ya Nashon, na kadiri alivyoeleza ndivyo maelezo yalivyozidi kuonekana ya kipuuzi ndani ya gari lile lililosimama. Everlyn akauliza kama ni kila mlo. Mzee akasema ni kila mlo aliokaa naye.

"Mtoto wangu anaanguka mbele yenu," akasema Everlyn, na sauti yake ikapanda mpaka dereva akatazama pembeni, "na ninyi mko hapo mnalishana?"

Tangu aolewe hakuwahi kumpandishia sauti baba mkwe wake. Halafu akalia, mabega yakitetemeka, na Mzee akakaza mikono yake katikati ya magoti kwa sababu hakuwa na ruhusa ya kumgusa. Kelele zikamwamsha Sammy. Alisikiliza kidogo, akaelewa alichoelewa.

"Mama, Kuka hakuchukua," akasema. "Ni mimi nilimpea."

Nyumbani Everlyn alikwenda moja kwa moja jikoni akafunga mlango. Aliyoyasema na Nanjala humo ni yao wawili. Tulichokiona ni kwamba Nanjala alitoka akiwa na macho mekundu, akaenda chumbani, akazitoa nguo zake mkobani akazipanga tena kwenye rafu. Mzee naye alimwendea akaomba msamaha, mzee mzima, kofia mkononi. Nanjala akasema yameisha, lakini hakumtazama, na ilichukua muda kabla ya kumtazama.

Kisha Everlyn akaja mezani. Alivuta kiti akaketi, uso kwa uso na baba mkwe wake, jambo lililomtisha Mzee kuliko zile kelele za kwenye gari. Hasira bado ilikuwa shingoni mwake. Alisema amefikiri njia nzima. Anaweza kumwambia Sammy amalize kila kitu, na Sammy ataitikia ndiyo, halafu atakificha kile kipande mfukoni amwekee Kuka wake. Anaweza kumwondoa Mzee mezani, na mtoto hatakula kabisa.

"Wewe ndiye ulimfundisha, Baba," akasema. "Wewe ndiye utamfundisha kuacha."

Jioni hiyo walikaa tena wawili, na Everlyn nyuma ya mlango wa jikoni ulioachwa wazi kidogo. Sammy alikula yai, akala avokado, akanyoosha mkono na kipande chake. Mzee akatikisa kichwa, akasema leo jino linamuuma. Sammy akasema basi atamwekea cha kesho. Mzee akasema ameshiba. Sammy akakiweka kwenye kisahani kidogo, akakisogeza upande wa Mzee kwa uangalifu, ili akikute akiona njaa. Kikaanza kuyeyuka pale.

Mzee akaona kwamba uongo hautamfikisha. Akamwambia ukweli wote kwa maneno ya mtoto: kwamba kipande kile ni dawa ya kichwa chake, kwamba Kuka alikuwa akiila dawa yake bila kujua, na kwamba ndiyo sababu amekuwa akianguka. Sammy alisikiliza bila kupepesa. Hakuuliza habari za kuanguka hata kidogo.

"Na wewe utawekewa nini?"

Mzee alitafuta jibu tamu, akakosa. "Sitawekewa kitu," akasema.

Mtoto akaanza kulia. Alilia akisema kwamba atakuwa mchoyo, kwamba Kuka mwenyewe alisema wanaomaliza ni wachoyo. Na kweli alisema, kwa fahari, zaidi ya mara moja. Mzee alimvuta karibu na kiti chake. Alikuwa amepewa adabu ile na watu ambao mifupa yao iko Butere. Alikuwa ameibeba mpaka Kangemi, akaiweka juu ya sinia la Rael, na watoto wake wote wakaipokea. Sasa alitakiwa aikate kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya mtoto aliyeipenda kuliko wote. Ilimuuma, na hatudanganyi, ilimuuma kama msiba wa pili.

"Basi kuwa mchoyo," akamwambia. "Mimi nimekuruhusu. Ukitaka kunifurahisha, Sammy, usiniwekee kitu. Lamba mpaka sahani ing'ae."

Kipande kilikuwa kimeshakuwa mafuta. Mzee alimshikia kisahani, Sammy akakwangua kwa mwiko wa mpira, akalamba, machozi na krimu vikichanganyika kidevuni. Hakukifurahia. Kila tone alilimeza akimtazama babu yake, akihakikisha kwamba bado ana ruhusa.

Kijikaratasi kilianza kurudisha rangi yake wiki ile ile. Kuanguka kukapungua, kukawa kwa nadra, halafu ukapita mwezi mzima bila kitu, na mwingine ukaufuata. Shiru akasema waendelee, akasahau kabisa habari za kuiondoa lishe. Everlyn alirudi kuketi jikoni wakati wa chakula, lakini kila alipopita alimuuliza Mzee mwenyewe kama mtoto amemaliza, bila kumngoja Nashon, na Mzee alimjibu mwenyewe.

Ndipo mchana mmoja wa Januari Sammy akarudi kutoka shule, sare imejaa vumbi, njaa imemkamata kwelikweli. Alikula bila hadithi. Alikula yai, akala avokado, akakitia kipande mdomoni chote, mashavu yakafura, akafumba macho kwa utamu. Hakumtazama babu yake hata mara moja. Alipomaliza, akakwangua sahani, akailamba, akaigeuza juu chini juu ya meza, akaitikisa. Hakikudondoka kitu.

"Ona, Kuka," akasema kwa furaha. "Sijakuwachia kitu."

"Asante," akasema Mzee Oloo, na ilibidi aliseme mara mbili ndipo lisikike.